Mkono Mdogo Kuliko Yote

Kitabu nilichosomea magonjwa ya kinywa kimejaa farasi. Jalada linasema wanyama wakubwa wote, lakini ukifika sura ya meno ni farasi watupu: farasi amefunguliwa taya kwa chuma, farasi anasuguliwa magego kwa tupa, farasi ameinamisha shingo huku maji ya kijani yakimtoka puani. Ng'ombe anakuja mwishoni, ukurasa mmoja na nusu, kama mgeni aliyefika karamuni sufuria zikiwa zimeshaoshwa.

Mimi ni mtu wa Ngara. Farasi wa kwanza niliyemwona kwa macho yangu alikuwa Arusha, nikiwa mwaka wa tatu chuoni, na alikuwa amembeba mtoto wa mtalii. Kwetu hakuna farasi, na chanzo kikubwa ni mbung'o. Mapori ya kuanzia Biharamulo hadi Burigi yalijulikana kwa mbung'o na malale. Hata ng'ombe walipitishwa humo kwa roho mkononi, na farasi huugua nagana vibaya kuliko ng'ombe. Tulichonacho ni mbuzi na ng'ombe, wakiwemo wale Ankole ambao pembe zao huwalazimu kuingia mlango wa zizi kwa upande. Kwa hiyo sura ile ya farasi niliisoma kwa ajili ya mtihani, nikijua kazi yangu itakuwa kwingine.

Lakini farasi humfundisha mtu kutazama, na hilo nimelielewa zaidi nikiwa shahada ya uzamili, nikizunguka maboma ya Ngara na Biharamulo na sanduku la barafu nyuma ya pikipiki. Farasi mkubwa ana meno 36 hadi 44, na meno yake ya kutafunia huendelea kuchomoza kutoka kwenye ufizi karibu maisha yake yote, milimita mbili au tatu kwa mwaka, huku kusaga majani kukiyapunguza. Taya la juu ni pana kuliko la chini. Kwa sababu hiyo kingo za nje za magego ya juu, na za ndani za magego ya chini, hazisagiki sawasawa. Hubaki zimechongoka na kukata shavu na ulimi. Farasi hawezi kulalamika. Anachofanya ni kutafuna upande mmoja, kuinamisha kichwa kama anayesikiliza, na kudondosha vidonge vya majani yaliyotafunwa nusu. Ndiyo maana mtunzaji mzuri hutazama sakafu kabla ya kutazama kinywa. Mstari huo niliupigia wino. Tazama chini kwanza, kisha mtazame mnyama kwa mbali, kisha ndiyo umguse.

Ng'ombe ni kinywa cha aina nyingine kabisa. Meno 32, na mbele juu hakuna jino hata moja, kuna ufizi mgumu tu. Kazi ya kukata majani inafanywa na ulimi, ambao ni mrefu, una nguvu na unakwaruza kama msasa. Ng'ombe humeza kwanza, hutafuna baadaye akiwa amelala kivulini anacheua. Mnyama anayemeza kabla ya kutafuna atameza chochote: gunzi la mahindi, kokwa la embe, kiazi kitamu kizima, kipande cha muhogo, parachichi bichi. Kwa watu wa Ngara, ambako migomba, miembe na miparachichi imezunguka nyumba, hii si habari mpya.

Kitu kikimkwama koo farasi bado anapumua. Chakula kimeziba umio, hakijaziba njia ya hewa, na mara nyingi akiondolewa chakula na maji na kutulizwa kitashuka chenyewe. Hatari kubwa ni mate na mabaki kuteremka mapafuni. Ng'ombe naye anapumua, ila ana pipa la chakula kinachochacha tumboni, na gesi ya pipa hilo hutoka kwa kubeua. Ziba umio kabisa na gesi haina pa kwenda. Ubavu wa kushoto unainuka, unakazika kama ngoma, tumbo linasukuma mapafu, na katika saa chache unaweza kuwa umempoteza. Muda wa kusubiri atulie, kama farasi, haupo.

Haraka hiyo ndiyo iliyozaa ufundi wa mkono. Babu yangu aliufahamu. Mtu mmoja anashika ng'ombe puani kwa vidole viwili na kuinua kichwa. Mwingine anauvuta ulimi utoke pembeni, ili mnyama akitaka kufunga taya ajiume mwenyewe. Kipande cha mti kinakingwa kati ya magego. Halafu mkono unaingia, kiganja kikiwa kimesimama wima, hadi kiwiko, na vidole vinatafuta. Babu alikuwa na makovu meupe kwenye kifundo cha mkono wa kulia na hakuyaficha. Watu walimfuata usiku na kurunzi. Sijawahi kumdharau kwa hilo na sitaanza leo. Yuko mzee mmoja Rulenge ambaye hadi sasa akiniona na vifaa vyangu hucheka: "Binti, hayo mabomba yote ya nini? Mungu amekupa mkono."

Utafiti wangu ni wa ugonjwa wa miguu na midomo. Nachukua ute kinywani kwa pamba, nauweka kwenye barafu, nausafirisha. Kazi hiyo imenifanya nifungue vinywa vya ng'ombe zaidi ya mia tatu, na baada ya mia tatu unaanza kuvisoma. Wa miguu na midomo unausikia kabla hujauona: ng'ombe anapiga midomo, cha, cha, cha, kama mtu anayeonja mchuzi. Ukimfungua unakuta malengelenge au vidonda vyekundu kwenye ulimi na ufizi, na ukimtembeza anachechemea. Wenyewe wanapaka magadi, wengine asali. Mara nyingi wananiambia "amekula mwiba" wakijua fika si mwiba, kwa kuwa jina la ugonjwa likitajwa mnada unafungwa na hakuna anayetaka kuwa mtu aliyeufungisha. Siwalaumu sana. Mnada ukifungwa wiki sita, ni nani anayemlisha mtoto wao?

Kuna ulimi mgumu kama ubao, unaotokana na bakteria walioingia kwenye mchubuko. Kuna mfupa uliokwama kati ya magego, kwa sababu malisho yenye upungufu wa fosforasi huwafanya ng'ombe watafune mifupa porini; mfupa wenyewe ukiwa wa mzoga unaweza kubeba sumu ya botulizimu, inayolegeza ulimi na koo mpaka ng'ombe anakaa na majani mdomoni asijue la kuyafanya. Vyote hivi vina udenda. Kwa mbali vinafanana.

Halafu kuna kinywa ambacho hakina kitu.

Ilikuwa Desemba, msimu wa maembe, upande wa Biharamulo, ukitoka Nyakahura unaacha lami na kuingia ndani. Bwana mifugo wa kata alinipigia simu asubuhi kwa sababu nilikuwa na pikipiki na sanduku la barafu, na yeye hakuwa na mafuta. Ng'ombe wa mzee mmoja amekabwa na embe, alisema, siku ya pili leo. Nilipofika nilimwamkia mzee, akaitikia marahaba bila kuondoa macho kwa ng'ombe. Alikuwa jike mwekundu, mwenye ndama wa miezi mitatu, amefungwa kwenye mwembe uleule ulioshukiwa.

Nilitazama chini. Hakukuwa na vidonge vya majani. Udenda ulikuwa unashuka kwa nyuzi ndefu hadi vumbini. Waliweka beseni la maji. Alitumbukiza mdomo, akavuta, maji yakarudi. Alinyoosha shingo. Hadi hapo hata mimi ningesema embe. Lakini ubavu wa kushoto ulikuwa umebonyea. Siku mbili hajameza, hajabeua kwa mujibu wao, na ubavu una shimo ambalo ungeweza kuweka bakuli. Gesi ilikuwa inatoka vizuri. Njia ilikuwa wazi. Kilichoharibika ni kumeza kwenyewe.

Kisha akalia. Ng'ombe huyo alikuwa na sauti iliyokatika, nzito, kama mlango wa zamani, na alilia tena na tena bila sababu. Mkia ulikuwa umeinuka akijikamua, hapati choo. Alipogeuka miguu ya nyuma iliyumba. Bwana mifugo alinitazama na mimi nikamtazama. Hatukusema jina.

Niliuliza nani ameingiza mkono. Swali hilo lilipokelewa vizuri, kama naulizia sifa. Mzee aliingiza jana asubuhi akahisi kitu kigumu huko ndani, lakini vidole havikufika. Jirani akajaribu mchana. Jioni wakamwita mjukuu, mwenye miaka kumi na miwili, aliyekuwa nyumbani kwa likizo. "Mkono wake ni mdogo kuliko yote," mzee alisema, "ulipita hadi begani." Mtoto akanionyesha mkono. Ulikuwa na michubuko ya magego kuanzia kifundo hadi juu ya kiwiko, na juu ya hiyo mikwaruzo ya miiba ya kuchungia.

Kitu kigumu ambacho mzee alikihisi kilikuwa zoloto la ng'ombe mwenyewe. Kila ng'ombe analo.

Niliuliza kama kuna mbwa aliyemuuma. Hapana, mbwa wetu ni mzima, yule pale. Kweli alikuwa mzima, amelala. Nikauliza tena, safari hii si kuhusu mbwa: kuna mnyama yeyote aliyeingia zizini miezi hii miwili mitatu, usiku, asiyeogopa watu? Bibi ndiye aliyejibu kutoka jikoni. Mbweha. Alikuja akang'ang'ana na mbuzi, wakampiga kwa mti, hakukimbia kama mbweha wanavyokimbia. Mbuzi yule alikufa baadaye, wakasema ni tumbo. Hakuna aliyelificha jambo hili. Hakuna aliyewahi kuulizwa.

Nimelifikiria sana jina la ugonjwa huu. Kichaa cha mbwa. Katika Kiswahili tumeupa jina la mnyama mmoja na la tabia moja, na yote mawili yanapotosha. Ni kweli kwamba karibu vifo vyote vya binadamu, asilimia 99 kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, vinatokana na mbwa. Lakini virusi vinampata mnyama yeyote anayenyonyesha: mbweha, nguchiro, fisi, punda, mbuzi, ng'ombe, farasi. Na si lazima alete fujo. Ng'ombe wengi hupooza tu. Misuli ya koo inakufa ganzi, mate yasiyomezwa yanamwagika nje, na mtu anayependa mifugo wake anaona kitu kimoja tu: amekabwa. Anafanya kile ambacho mapenzi na ujuzi vinamwelekeza. Anaingiza mkono kwenye mate yaliyojaa virusi, akiwa na mikwaruzo.

Nilipolitaja jina hatimaye, mzee alikataa kwa hoja ambayo sikuweza kuivunja. "Huyu hana kichaa, mwanangu. Muangalie. Amepoa." Alikuwa amepoa kweli. Nikaliacha jina. Nikasema, babu, kuna ugonjwa unaokamata koo, unaambukiza kwa mate, mnyama aliyeupata haponi, na mtu akishaanza kuumwa naye haponi. Lakini akiwahi sindano kabla ya kuanza kuumwa, hauanzi. Hilo alilisikiliza.

Kwanza maji. Kidonda au mchubuko uliogusana na mate ya mnyama kama huyo huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama zimepita saa nyingi. Dakika 15 ni maneno mepesi mahali penye bomba. Pale palikuwa na madumu matatu yaliyotoka kisimani, kipande cha sabuni ya mche, na kata. Niliweka saa ya simu. Bibi alimimina, mimi nikiwa na glovu nilisugua mkono wa mtoto, kisha jirani, kisha mzee. Dakika ya tano jirani mwingine aliyekuwa amesimama kutazama akauliza kama tunamwogesha bwana harusi. Watu wakacheka, mtoto pia. Dakika ya tisa dumu la kwanza likaisha. Hakuna aliyecheka tena, kwa sababu muda ule mrefu ulikuwa umeanza kuwaeleza kitu ambacho maneno yangu hayakukieleza.

Mtoto ndiye aliyeuliza. "Dada, mbona wewe una glovu?"

Glovu zangu ni zile ndefu, zinafika begani. Nilimwambia kazi yangu ndivyo inavyofanywa. Sikumwambia kwamba chini ya glovu kulikuwa na kinga nyingine: mwanafunzi wa tiba ya wanyama huchanjwa kichaa cha mbwa kabla hajaguswa na chochote, na mimi nilichomwa sindano zangu tatu miaka mingi nyuma katika foleni tukitaniana nani atalia. Mtu aliyesomea nadharia alikuwa amejikinga mara mbili. Mtoto aliyetumwa na familia yake kwa sababu ya udogo wa mkono wake alikuwa uchi hadi begani. Nimeishi na picha hiyo zaidi kuliko picha ya ng'ombe.

Kilichofuata kilikuwa pesa. Mnunuzi wa nyama alikuwa ameshaitwa. Alikaa chini ya mgomba na panga lake limefungwa gunia. Bwana mifugo alisema nyama hailiki, na kumchinja ni kuwatapakazia watu wengine ubongo na mate. Mzee alinyamaza. Ng'ombe yule alikuwa ada ya binti yake wa mwisho aliyekuwa anajiandaa kwenda chuo cha ufundi. Sasa anaambiwa amzike, na juu yake atafute pesa ya chanjo za watu watatu, kila mmoja sindano nne, siku ya kwanza, ya tatu, ya saba na ya kumi na nne, pamoja na nauli za kwenda na kurudi. Alizihesabu kwa mbuzi, kwa sauti, mbele yetu. Mbuzi hawakutosha.

"Aende mtoto," alisema. "Na huyu jirani, ana watoto wadogo. Mimi koo langu limeshameza vya kutosha."

Ilikuwa sentensi nzuri na niliichukia. Bibi pia. Akasema, kwa utulivu wa mtu anayepanga vyombo, kwamba yeye hana nguvu za kuchunga ng'ombe, na kama mzee anataka kufa achague ugonjwa usio na kelele. Mzee hakujibu. Tukaondoka na mtoto na jirani, watatu kwenye pikipiki yangu, jambo ambalo sheria hairuhusu na barabara ile haikujali. Kituo cha kwanza hakikuwa na chanjo. Cha pili kilikuwa nayo. Saa kumi na moja jioni mtoto alikuwa amechomwa ya kwanza, na daktari alikuwa ameipima michubuko na kuamua mengine aliyopaswa kuamua, ambayo si fani yangu. Njiani kurudi mtoto alilala ameegemea mgongo wangu.

Ng'ombe alilala ubavu siku ya tatu na kufa ya nne. Ugonjwa huu haukawii. Kutoka dalili za kwanza hadi mwisho kwa kawaida hazizidi siku kumi. Mzee alikaa naye. Bwana mifugo alisema alimfukuzia inzi kwa tawi muda wote, kwa mbali, kama tulivyomwelekeza. Nilirudi siku hiyo na miwani, barakoa na glovu jozi mbili. Kuna njia ya kuchukua kipande cha ubongo kwa mrija kupitia tundu la nyuma ya fuvu bila kupasua kichwa, na ndiyo niliyoitumia. Shimo walilichimba kina cha kaburi la mtu, ili mbwa wasifukue. Nilipokuwa nanawa, mzee alikuja akasimama karibu na kuniuliza hospitali ile inafungua saa ngapi.

Majibu ya maabara yalinikuta nikiwa stendi ya Lusahunga nasubiri basi. Alikuwa nao. Mtoto alishachomwa ya tatu, mzee ya pili. Maziwa waliyokunywa wiki ile yalikuwa yamechemshwa, kama wanavyofanya daima, na kuchemsha huviua virusi hivyo, kwa hiyo hilo niliweza kuwatuliza nalo kwa simu. Ndama tulimtenga tukimfuatilia.

Nilirudi kwenye kitabu changu cha farasi mwezi huo, kwa hasira kidogo, nikitafuta kama ukurasa mmoja na nusu wa ng'ombe ulisema lolote. Ulisema, katika mstari mmoja. Sura ya farasi ndiyo iliyolisema mapema na kwa sauti: mnyama yeyote anayetoa udenda na kushindwa kumeza, vaa glovu na fikiria kichaa cha mbwa kabla hujagusa kinywa, hata kama unaamini amekabwa. Hao wanaoandika vitabu hivyo wanaishi kwenye nchi ambazo ugonjwa huu hauonekani kila siku, na bado wanauweka mlangoni. Sisi ndio tunaoishi nao. Dunia nzima inakadiriwa kupoteza watu wapatao 59,000 kwa mwaka, wengi wao Asia na Afrika. Kwa Tanzania makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalikuwa vifo karibu 1,500 kwa mwaka, mara nyingi zaidi ya vile vilivyoripotiwa rasmi. Wengi hufia nyumbani, wengine wakiwa wamepewa jina la ugonjwa mwingine, kama yule mbuzi wa tumbo.

Dawa halisi haiko kinywani mwa ng'ombe. Iko kwa mbwa. Ukichanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ukarudia kila mwaka, mnyororo hukatika, na wanyama wa porini peke yao kwa kawaida hawauendelezi kwa muda mrefu. Pemba walifanya hivyo na ugonjwa ukatoweka kisiwani. Uliporudi, wakachanja tena ukatoweka tena. Mbwa wa Biharamulo hawana tofauti na wa Pemba. Sanduku la barafu wanalohitaji ni kama langu.

Lakini hadi siku hiyo ifike watu wataendelea kufungua vinywa, na siwezi kumwambia mfugaji asimguse ng'ombe wake anayekabwa kweli. Ninachowaambia nikizunguka ni kitu kidogo. Kabla ya mkono, tazama ubavu wa kushoto. Umejaa na unakazika, ameanza ghafla akiwa anakula, anahangaika: hapo kuna kitu, na saa zinakimbia, mwite bwana mifugo mwenye mrija na trokari, papasa shingo upande wa kushoto kwa nje uone kama kuna uvimbe unaoweza kuusukuma taratibu kuelekea juu. Usimnyweshe mafuta kwa nguvu, yatashukia mapafuni. Ubavu umebonyea, sauti imebadilika, miguu inayumba, anajikamua: mfunge mbali, ondoa watoto, usiingize hata kidole. Kama hujui ni ipi kati ya hizi, ichukulie ni ya pili. Glovu za plastiki hazina gharama kubwa, ila peke yake glovu inachanika kwenye magego, kwa hiyo siiuzi kama ulinzi. Wengine wananisikiliza. Mzee wa Rulenge bado anacheka, ila mara ya mwisho aliomba nimwachie jozi.

Mtoto alimaliza sindano ya nne kabla shule hazijafunguliwa Januari. Binti wa mwisho hakwenda chuo mwaka huo.

Mwishoni mwa Februari mzee alinipigia simu mwenyewe, saa moja usiku. Ng'ombe mwingine, udenda, shingo imenyooka. Nilikuwa Morogoro. Nilifungua kinywa kumuuliza swali.

"Ubavu umejaa," alisema kabla sijaliuliza. "Wa kushoto. Nimeugonga, unalia kama debe. Hakuna aliyemgusa mdomo. Mtoto nimemfungia ndani."

Lilikuwa gunzi. Bwana mifugo alifika na trokari, akatoa gesi, na gunzi likateremka kwa mrija karibu saa nne. Mzee alinipigia tena kunijulisha, akanishukuru, akaniuliza masomo yanaendaje, akawasalimia wazazi wangu ambao hawajui. Kisha akataka kujua, kwa kuwa mimi ni mtu wa serikali kwa namna fulani, ni nani anayelipa mafuta ya pikipiki ya bwana mifugo.